Chuma kikikuuma: ni umeme tuli au umeme wa ukutani?

Masika yaliyopita jirani yangu wa hapa Wete alinisimamisha njiani akaniuliza kama najua dawa ya friji linalouma. Kila akishika mkono wa mlango, vidole vinachomwa kama kwa sindano nyingi. Mwanawe alikuwa ameshamtafutia jibu kwenye simu: huo ni umeme tuli, yaani ule unaojikusanya mwilini kwa vitu kusuguana, hauna madhara, vaa ndara na tandika busati mbele ya friji. Akatandika, na kweli kuchoma kukapungua. Wiki moja baadaye mjukuu wake wa miaka minne aliingia jikoni na miguu ya maji, akashika mlango ule ule, akarushwa mpaka kwenye kabati. Mtoto ni mzima, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile siwezi kusikia umeme tuli ukitajwa ovyo nikanyamaza.

Mimi nafundisha sayansi skuli, na mwisho wa wiki natia waya majumbani. Kazi zote mbili zimenifunza jambo ambalo majibu mengi ya kwenye simu hayalisemi, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi kavu: visiwani kwetu umeme tuli ni mgeni wa kupita, hakai. Hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, sakafu zetu ni za saruji au vigae, na ndani ya nyumba tunavua viatu. Chaji ikijikusanya mwilini huteremka chini kabla hujaufikia mlango. Kwa hiyo ukiwa Pemba au Unguja, chuma kinachokuuma kila siku mahali pale pale kichukulie kuwa kina umeme wa ukutani unaovuja, mpaka uthibitishe vyengine.

Maswali matatu kabla ya kugusa tena

Usirudie kugusa ili upate uhakika. Kumbuka tu ilivyokuwa, kisha jibu haya.

La kwanza: ilikuwa mara moja tu, tak, halafu kimya hata ulipoendelea kushika? Au ilitetemesha muda wote mkono ulipokuwa pale? Umeme tuli ni akiba ndogo ya chaji iliyokaa mwilini; ikishatoka imekwisha, na kutoka kwake hakufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Umeme wa ukutani hauishi. Unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ndiyo maana vidole huuhisi kama mtetemo.

La pili, ambalo ndilo ninalolitegemea zaidi: inakuuma zaidi ukiwa na viatu au ukiwa peku? Hapa aina mbili hizi hupingana kabisa. Umeme tuli hukua kwa mtu aliyevaa soli za mpira akitembea juu ya zulia la nailoni, kwa kuwa chaji imezuiliwa isishuke. Mtu aliye peku juu ya saruji haumkai. Umeme unaovuja ni kinyume chake: humtesa aliye peku, na zaidi sakafu ikiwa na maji, kwa sababu mwili wake umegeuka njia ya kupitia kwenda ardhini. Ndara na busati vilimpunguzia jirani yangu maumivu, na kule kupungua kwenyewe kulikuwa ushahidi kwamba halikuwa jambo la umeme tuli hata kidogo.

La tatu, kama uliwahi kukigusa kifaa kikiwa kimezimwa ukutani na kuchomolewa plagi: kiliuma bado? Umeme tuli haujali plagi. Uvujaji wa kifaa hicho utakoma pale pale. Ukiwa umechomoa na chuma bado kinauma, umeme unatoka pengine, na hiyo ni hatari zaidi. Nenda kwenye sehemu inayoeleza nyumba nzima.

Kwa nini ni chuma na si plastiki

Ndani ya shaba, alumini au chuma, kila atomu imeachia elektroni zake za nje, zile chembe ndogo zinazobeba chaji, zizunguke popote ndani ya kipande kile. Kipande cha shaba cha sentimita moja ya ujazo kina elektroni huru zipatazo 85,000 bilioni bilioni. Plastiki, kioo na mpira vimezishika elektroni zao. Wakati wa kipupwe, mafuta ya nazi yakishaganda ndani ya chupa, unachokichota hapa kinaacha shimo hapa hapa. Ndivyo chaji inavyokaa kwenye plastiki: ulipoisugua ndipo ilipo. Yakiyeyuka, ukichota popote usawa wote hushuka pamoja. Ndivyo chaji inavyokaa kwenye chuma.

Kwa mtu anayetafuta tatizo, hapa pana mambo mawili ya kushika. Kwanza, mahali chuma kinapokuuma si lazima pawe ndipo palipoharibika. Mkono wa mlango wa friji hauna waya, lakini umeungana na bodi nzima, na bodi imegusana na mota nyuma kabisa. Pili, chuma kikitengwa na ardhi, kwa mfano friji lililosimama juu ya vijiguu vya plastiki, hubaki na umeme wote uliovujia humo kikisubiri mtu wa kwanza kuja kuwa njia.

Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko chuma cha kawaida kiasi cha mara sita, na fedha huishinda shaba kidogo. Tofauti hizo ni muhimu kwa anayechagua waya. Kwa mkono wa mtu hazina maana yoyote: hata msumari wa kutu unapitisha kiasi cha kutosha kuua. Ila kutu yenyewe, ile ngozi nyekundu juu ya chuma au ile ya kijani juu ya shaba, haipitishi vizuri, na kwa hewa yetu ya chumvi hapo ndipo maungio mengi hufa. Waya mzima, skrubu nzima, katikati pana utando wa kutu na umeme haupiti tena.

Friji, mashine ya kufulia au jiko linauma kila ukiligusa

Nilipolikagua friji la jirani nilikuta mambo mawili, na karibu kila mara huwa mawili. Nyuma, panya walikuwa wametafuna waya unaoingia kwenye kompresa, ile mota ya friji, mpaka shaba ikagusa bodi. Na kwenye plagi, waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano ambao mafundi huuita ethi, ulikuwa umekatwa ili nyaya mbili tu zitoshe kwenye plagi ya pini mbili. Plagi yenyewe ilikuwa imesukumizwa ndani ya soketi ya matundu matatu kwa kupenyeza mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu.

Ukiona mfuniko wa kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi, hilo ni tundu la ardhi. Pini ndefu ya plagi imewekwa iingie kwanza ili kinga iwahi kabla ya umeme. Kuifungua soketi kwa kijiti ili uingize pini mbili ni kuifuta kinga hiyo. Kwa chaja ndogo ya simu yenye bodi ya plastiki, sawa, haikuhitaji ardhi tangu ilipoundwa. Kwa kitu chenye bodi ya chuma, hapana.

Waya wa ardhi unafanya kazi gani? Kompresa ikivuja kwenye bodi, umeme unapata njia rahisi ya shaba kuelekea ardhini, unakwenda mwingi kwa mpigo, na fyuzi ya plagi au swichi ya kukata huruka. Kifaa kinazimika, unajua kimeharibika. Bila waya huo hakuna kinachokatika. Friji linaendelea kugandisha samaki kama kawaida huku bodi ikiwa na umeme.

Mtu huanza kuuhisi umeme unapofika kama miliampia moja. Ukifika 10 hivi, misuli ya mkono hujifunga na mtu hushindwa kuachia. Kuanzia 30 moyo uko hatarini, ndiyo maana swichi nzuri ya kukata umeme unaovuja, ile iliyoandikwa RCD kwenye uso wake, imepimwa kukata kwenye miliampia 30. Sasa piga hesabu. Mwili uliolowa unaweza kubaki na ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme, wa omu 1,000 tu. Volti 230 gawa kwa 1,000 ni miliampia 230. Ngozi kavu juu ya ndara ndiyo peke yake iliyokuwa imesimama kati ya jirani yangu na hesabu hiyo.

Cha kufanya: zima ukutani, chomoa, weka alama mtu asiwashe. Fungua plagi uone kama nyaya tatu zimefika na zimebana: wa kahawia kwenye pini ya moto, wa buluu kwenye nyutro, yaani pini ya kurudishia umeme, wa kijani na manjano kwenye pini ndefu. Nyumba za zamani zina rangi nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huo huo. Angalia waya wa nyuma wote kwa macho, hasa panapopinda na panapopita karibu na sakafu. Baada ya hapo muachie fundi mwenye mashine ya mega. Atapima kwa volti 500 kati ya nyaya na bodi. Ikisoma chini ya megaomu moja, yaani omu milioni moja, kihami, ile ngozi inayozuia umeme usitoke, kimeharibika mahali fulani, hata kama macho hayakioni. Kifaa kilichoanza kuuma kipindi cha mvua na kuacha jua likiwaka, usikifurahie kupona. Unyevu umeingia na utarudi.

Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi kuamua. Huwaka hata kwa umeme mdogo sana wa kuambukizwa na waya uliopita karibu, na tena huweza kutowaka juani ukadhani pako salama kwa kuwa mwanga wake hauonekani.

Naomba hili lisikike vizuri. Wapo wanaomaliza tatizo la friji kwa kuunga waya wa ardhi kwenye nyutro ndani ya plagi. Kuuma hukoma siku hiyo hiyo na mteja hulipa kwa furaha. Lakini siku nyutro itakapokatika, au siku mtu atakapogeuza nyaya kwenye soketi, bodi yote ya friji itapata volti 230 kamili, bila kuvuja, bila kuharibika kitu. Nimekuta plagi kama hizo na kila mara nimezikata mbele ya mwenye nyumba ili aone kwa macho yake.

Kila chuma cha nyumba kinauma

Friji, pasi, kompyuta, hata bodi ya pampu ya maji, vyote vinauma, na havikuanza kuharibika pamoja. Hapa aliyeharibika ni mmoja, na aliyebeba habari kwa wengine ni waya wa ardhi wenyewe.

Nyaya zote za ardhi za nyumba hukutana kwenye ubao wa meni swichi, kisha waya mmoja hushuka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje. Waya huo ukikatika, au fimbo ikiliwa na chumvi, zile nyaya zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe bila kufika chini. Kifaa kimoja kikivuja, bodi zote zenye plagi za pini tatu hupata umeme ule ule. Chuma kinapitisha bila kuchagua.

Niliitwa nyumba moja ambayo ilikuwa imekaa miaka mingi bila tatizo, kisha ghafla ikawa hivyo. Hawakubadilisha chochote cha umeme. Walibadilisha mabomba ya maji. Fundi wa zamani aliitumia bomba ya chuma iliyoingia ardhini kuwa ndiyo ethi ya nyumba, na ilifanya kazi barabara mpaka siku fundi bomba alipokata chuma na kuunga plastiki. Kipande cha chuma kilichobaki ukutani, pamoja na mfereji wa uani, kikawa kimening'inia kwenye waya wa ardhi bila ardhi. Mota ya kisima ilikuwa ikivuja kidogo kwa muda mrefu na hakuna aliyejua, kwa kuwa bomba ilikuwa inaupeleka chini. Sasa haukuwa na pa kwenda ila kwenye mikono ya watu. Ukibadilisha mabomba ya chuma kwa plastiki, muulize fundi umeme kwanza nyumba yako imeshikwa wapi na ardhi.

Kumpata mkosaji: zima meni, chomoa kila plagi, mwite fundi aikague fimbo na waya wake mpaka mwisho, apime. Ardhi ikisharudishwa, kiunge kifaa kimoja kimoja. Kile kitakachorusha swichi ndicho.

Kwa wenzetu wa maweni, upande wa Micheweni kwa hapa Pemba, au Makunduchi na Jambiani kwa Unguja, fimbo yenyewe ni mtihani. Chini kidogo tu ya udongo ni mwamba wa matumbawe, na ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja fupi iliyokwama juu ya jiwe huwa pambo tu. Fundi apime, na ikibidi azike fimbo zaidi ya moja zikiwa zimeachana na kuungwa pamoja, apendelee mahali penye udongo wa kina na unyevu. Na popote ambapo fimbo ina mashaka, RCD ndiyo mlinzi wa kweli, kwa kuwa haingoji umeme mwingi upite. Inalinganisha tu umeme uliotoka na uliorudi.

Mfereji au maji ya kuogea yanauma

Usijadili, usijaribu. Zima meni swichi ya nyumba nzima. Mtu aliyelowa, peku, ameshika chuma: hakuna hali mbaya kuliko hii. Kwa kawaida chanzo ni hita ya kuogea isiyokuwa na ardhi au mota ya kisima. Kama meni imezimwa na maji bado yanauma, umeme unatoka kwa jirani kupitia mabomba au ardhi yenye maji. Wajulishe majirani na Shirika la Umeme, na asioge mtu.

Paa la bati au dirisha la nondo likiuma ni vivyo hivyo. Mara nyingi waya unaotoka kwenye nguzo umesuguana na ukingo wa bati kwa upepo wa kusi mpaka ukachubuka, na huo uko kabla ya meni yako, kwa hiyo kuzima kwako hakusaidii. Usipande. Waondoe watoto, wapigie shirika. Na mtu akinaswa popote, usimshike: kata umeme kwanza, au umsukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Laptopu inatetemesha kiganja

Ipo hali ya katikati inayowatisha watu bure. Laptopu ya bodi ya chuma ikiwa kwenye chaji ya pini mbili, ukiipitisha ncha ya kidole juu yake taratibu unahisi kama ngozi inakwaruza. Ndani ya chaja pana kapasita ndogo inayochuja makelele ya umeme, na kupitia hapo bodi hupata umeme mdogo mno, sehemu ya miliampia. Ukiwa na chaja ya asili isiyovunjika, halina madhara, na kwa chaja ya pini tatu kwenye soketi yenye ardhi nzima hukoma. Ikichoma kweli, badala ya kukwaruza tu, tupa chaja hiyo. Chaja za bei rahisi sana huruka sehemu za kinga zisizoonekana kwa nje.

Sasa umeme tuli wenyewe

Upo, na kuna mahali hata kwetu unapatikana. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo ofisi, hoteli na gari lililofungwa vioo ni visiwa vya ukavu ndani ya kisiwa chetu.

Ukiteremka garini ukagusa mlango ukapigwa tak moja, nguo zako zimesuguana na kiti na umebeba chaji yake. Shika chuma cha mlango ukiwa bado umekaa, na usiachie mpaka mguu ufike chini. Ofisini, gusa kitasa kwa ufunguo ulioushika barabara. Cheche itarukia ufunguo na ngozi haitahisi.

Buibui la poliesta linalokuganda miguuni ni jambo hilo hilo. Vaa shimizi ya pamba ndani, au pitisha henga ya chuma upande wa ndani wa nguo kabla ya kuvaa: chuma huchukua chaji na kuipeleka mkononi. Kiganja chenye unyevu kidogo nacho kinatosha.

Kwa mafundi wa simu na kompyuta wanaofanya kazi kwenye kibanda chenye kiyoyozi: kidole hakihisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi, lakini vipo vijipande ndani ya simu vinavyokufa kwa volti mia chache. Simu inaingia na kioo kibovu, inatoka haiwaki, na mteja anaona umemuibia. Shika fremu ya chuma iliyoungwa na ardhi kabla ya kugusa bodi ya ndani, au vaa ule mkanda wa mkononi. Hakikisha ni mkanda wenyewe wenye kizuizi cha megaomu moja ndani yake. Usijifunge waya mtupu wa ardhi mkononi ukiwa karibu na umeme wa ukutani.

Madumu ya petroli

Hapa nitawaomba wavuvi na vijana wa boti wanisikilize, kwa sababu unyevu wetu unaotulinda kwengine kote hapa hauaminiki. Petroli yenyewe hupata chaji ikipita kwenye mpira na mdomo wa pampu, na chaji hiyo iko ndani ya mafuta, ambako hewa ya nje haiigusi. Mvuke wa petroli unawaka kwa cheche ya nguvu ya milijouli 0.2 hivi. Cheche ndogo kabisa ambayo kidole kinaweza kuihisi ina kama mara mbili ya hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni chuma kilichotengwa na ardhi. Faneli ya bati iliyosimama ndani ya dumu la plastiki, au debe la chuma lililowekwa juu ya sakafu ya boti ya faiba, hukusanya chaji yote ya mafuta yanayopita. Kumbuka mafuta ya nazi yaliyoyeyuka: kwa kuwa ni chuma, chaji hiyo yote huruka kwa cheche moja, mara tu mdomo wa pampu unaposogea karibu. Plastiki hutoa ya sehemu ndogo tu, ingawa nayo imewahi kuwasha.

Kwa hiyo literemshe dumu, liweke chini ardhini, si juu ya pikipiki, si ndani ya boti, si juu ya turubai. Gusisha mdomo wa pampu na mdomo wa dumu kabla ya kufungua na usiutenganishe mpaka umalize. Jaza polepole. Ukitumia faneli ya chuma, iguse pampu muda wote.

Skuli: elektroskopu haifanyi kazi

Kila mwaka Mei namsikia mwalimu mwenzangu akilalamika: rula imesuguliwa na vipande vya karatasi havirukii, jani la elektroskopu, kile chombo cha kuonyesha chaji, linanyanyuka na kuanguka kabla mtoto wa nyuma hajaliona. Wanafunzi huhitimisha kwamba kitabu kinasema uongo. Kitabu ni kikweli, ila kiliandikiwa hewa nyengine.

Lugha zetu zilikuwa zimekaa karibu na jambo hili muda mrefu. Kaharabu, lile jiwe la manjano la utomvu, ukilisugua huvuta unyoya, na Waarabu wanauita umeme kwa jina linalotokana nalo. Mwingereza William Gilbert mwaka 1600 naye alilitoa jina lake kwenye neno la kale la kaharabu. Sandarusi, ambayo katika karne ya 19 ilipakiwa Unguja kwa majahazi na merikebu kwenda kutengenezwa vanishi, ni utomvu wa namna hiyo hiyo.

Mwaka 1729 Stephen Gray, Mwingereza pia, alikwama kama tunavyokwama sisi. Alikuwa akipeleka chaji kwenye uzi mrefu wa katani ulioning'inizwa kwa nyuzi za hariri. Hariri ikakatika. Akaweka waya wa shaba nyeupe mahali pake, kwa kuwa ni mwembamba na una nguvu, na chaji ikatoweka yote. Kwa kutafuta kwa nini, akagundua kwamba kuna vitu vinavyopitisha na vitu vinavyohami.

Ukikwama darasani, fuata njia yake: uliza chaji imetorokea wapi. Mara nyingi ni utando wa maji usioonekana juu ya kihami, uliochanganyika na chumvi ya jasho la mikono. Osha paipu ya PVC, kioo cha chupa na kila kinachohami kwa sabuni, suuza, anika juani saa nzima, kisha usiguse kwa vidole pale panapohusika. Kitambaa nacho kianikwe. Ukipasha vitu juu ya jiko la makaa, fanya hivyo kabla ya kusugua, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye moto ina chembe zenye chaji na itafuta yote uliyokusanya.

Kizibo cha chupa cha mbao hunywa unyevu; mimina nta ya mshumaa mahali pake, msumari upite katikati ya nta. Ndani ya chupa tia vile vijifuko vyenye punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu, ukivikausha kwanza kwenye moto mdogo. Jani liwe la foili nyembamba kabisa. Na mtoto akisema chuma hakichajiki, kifunge kijiko kwenye mpini wa PVC, mwambie ashike mpini. Kilichokuwa kinakimbiza chaji ni mkono wake.

Tulilirudia jaribio saa nane mchana, madirisha ya upande wa jua yakiwa wazi. Paipu iliposogezwa, jani la foili lilifunguka likasimama, na msumari ulipoguswa na paipu likabaki limesimama tulipokuwa tunahesabu hadi mia. Kisha mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole taratibu, akafumba macho kwa hofu, akaugusa msumari. Jani likaanguka papo hapo. Akafumbua macho akauliza kama ameshagusa, maana hakuhisi kitu.